Chombo na Nahodha: Zana za Kufundishia tangu Ubao wa Chuoni hadi Kishikwambi

Neno chombo katika Kiswahili lina maana mbili ambazo mtu wa visiwani hazitenganishi sana. Chombo ni zana ya kazi, na chombo ni jahazi. Kabla mtu hajapanda jahazi huuliza nahodha ni nani na bandari ya kushukia ni ipi. Siku hizi, inapozungumzwa kompyuta, intaneti na vishikwambi katika skuli, maswali hayo mawili aghalabu husahauliwa. Huulizwa mashine ngapi zimeletwa, madarasa mangapi yamepata umeme, wanafunzi wangapi wanagawana kifaa kimoja. Ni maswali ya haki, lakini ni ya mtu anayehesabu mbao za chombo bila kutazama tanga limeelekezwa wapi.

Tena mambo haya huzungumzwa kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kwa watu wa pwani kuingiliwa na zana mpya ya elimu. Historia yasema vingine. Ubao wa chuoni, mashine ya kupiga chapa, herufi za Kirumi, redio na kompyuta zilikuja kwa zamu, na kila moja ilipowasili ilikuwa na sauti ya maendeleo na ahadi nyingi. Ahadi nyingine zilitimia. Lakini kila moja ilileta na mizani yake ya kupimia nani msomi na nani mjinga, na wako watu walioamka wasomi wakalala wajinga pasi na kusahau hata herufi moja ya walichojifunza. Hilo ndilo jambo linalostahili kukumbukwa leo.

Tuanze na chuo. Kabla ya skuli, mtoto wa Unguja, Pemba, Mombasa au Lamu alipelekwa chuoni, akaketi juu ya mkeka mbele ya mwalimu. Zana zake zilikuwa chache: ubao wa mti, kalamu ya utete, na wino uliotengenezwa kwa masizi. Alianzia alifu, akaziunga herufi, akaingia juzuu ya Amma, na akiwa na bahati na subira akahitimu msahafu mzima. Somo lilipokwisha kuhifadhiwa, ubao ulioshwa ili uandikwe somo jingine. Elimu haikubaki ubaoni, ilihamia kifuani. Ubao ulikuwa daraja tu la kuipitishia, na ndiyo maana mwanafunzi hakuruhusiwa kuuosha mpaka mwalimu aridhike kwamba kilichokuwa juu ya mti sasa kimo ndani ya mtu.

Wapo waliokuja kuibeza elimu hiyo wakiiita kasuku. Kweli, watoto wengi walihifadhi maneno ya Kiarabu wasiyoyafahamu maana. Lakini chuo kilizaa jambo ambalo wabezaji hawakulitazama vya kutosha. Mtu aliyezijua herufi za Kiarabu kwa ajili ya Kurani alizitumia pia kuandikia lugha yake mwenyewe. Kwa herufi hizo watu waliandikiana barua, wakaweka hesabu za biashara, wakaandika wasia na hati za mashamba, na wakatunga tenzi. Hati ya Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate, ina tarehe ya 1728. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, aliutunga utendi wake wa wasia kwa ajili ya binti yake, na mwanzoni kabisa anamwita binti huyo aje na wino na karatasi. Msomaji na atafakari: katikati ya karne ya 19, kabla ya skuli yoyote ya serikali katika pwani hii, mama anamsomesha mwanawe kwa kalamu, ndani ya nyumba, kwa lugha ya nyumbani. Hiyo nayo ilikuwa elimu kamili, yenye zana yake, mwalimu wake na mwanafunzi wake.

Maandishi haya ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu yalikuwa na tabia ambayo yafaa kuelezwa, kwa sababu ndani yake imo siri ya mengi yaliyofuata. Kiarabu kina irabu tatu na Kiswahili kina tano. Kiarabu hakina p, wala ch, wala v. Waandishi wa zamani walitumia alama moja kwa e na i, na moja kwa o na u; mara nyingi herufi ya b ilibeba b, mb na p pamoja. Hivyo kuku na koko yaliandikwa sawa, na vivyo hivyo pita na peta. Aliyesoma alitambua neno kwa kuufuata mkondo wa maana, au kwa mizani na vina iwapo ni shairi. Kwa maneno mengine, msomaji alipaswa kuijua lugha kabla ya kuisoma. Maandishi hayakuwa ya kumfunulia mgeni. Yalikuwa ya kumkumbusha mwenyeji.

Wako waliojaribu kuuziba upungufu huo bila kuuvunja msingi wake. Mombasa, katika karne ya 19, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki 1890, alifanya kazi na mmishenari Mwingereza W. E. Taylor, akamnakilia na kumfafanulia mashairi ya Muyaka bin Haji. Kutokana na juhudi za watu kama hao zilipatikana alama za ziada za kutenga sauti ambazo Kiarabu hakizijui. Lau njia hiyo ingepewa nguvu ya serikali na ya mashine za chapa, huenda mtoto wa pwani leo angesoma Kiswahili kwa herufi za babu zake. Haikupewa.

Mashine za chapa zenyewe zilikuja Unguja kwa njia mbili, na ndani ya mji mmoja zikasimama kila moja na herufi zake. Upande mmoja ni Sultan Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888. Mwaka 1875 alisafiri hadi Uingereza, na katika miaka iliyofuata akaweka mashine ya chapa ya Kisultani, ambayo kufikia 1880 ilikuwa ikichapa vitabu vya Kiarabu vya madhehebu ya Ibadhi, kikiwamo Qamus al-Sharia. Vitabu vilivyokuwa vikinakiliwa kwa mkono, kwa miezi na miaka, sasa vilitoka kwa mamia. Upande wa pili ni Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyoleta mashine yake pamoja na Edward Steere aliyewasili Unguja 1864. Vijana waliokombolewa kutoka katika utumwa walifundishwa kupanga herufi za risasi, wakachapa vitabu vya Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Kutoka Kiungani, kuanzia 1888, lilitoka jarida la Msimulizi lililobeba habari za wanafunzi wa misheni.

Tofauti ya mashine hizi mbili haikuwa ya dini peke yake. Ya Barghash ilichapa Kiarabu kwa wanazuoni. Ya misheni ilichapa Kiswahili kwa watoto. Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kile cha Mwana Kupona, hakikupata mashine yake kwa wakati ule, kikabaki cha mkono. Na katika enzi ya chapa, kilichobaki cha mkono huhesabiwa kana kwamba hakipo. Mapema hapo ndipo kura ilipopigwa, kabla ya serikali yoyote kutangaza uamuzi.

Uamuzi wa serikali ulifuata. Mwaka 1905, chini ya Sultan Ali bin Hamoud, ilifunguliwa skuli ya kwanza ya serikali Unguja, na 1907 ikaundwa Idara ya Elimu. Bara, Wajerumani walikuwa wamekwisha kufungua skuli Tanga katika miaka ya 1890, na mwanzoni mwa karne ya 20 skuli hiyo ilikuwa ikichapa gazeti lake, Kiongozi. Skuli hizi zilikuja na zana mpya: dawati, ubao mweusi wa ukutani, chaki, kitabu cha chapa kilicho sawa kwa kila mtoto, na herufi za Kirumi. Wazee wengi wa visiwani walizikwepa. Walisema mtoto atapotea kwa kukosa Kurani, na katika mashamba madarasa yalibaki na nafasi tele hadi Kurani ilipoingizwa katika ratiba. Kwa macho ya maofisa huo ulikuwa ukaidi wa watu wasiopenda maendeleo. Lakini wazazi hao walikuwa wameona jambo ambalo maofisa hawakuliona, au hawakutaka kulisema: kwamba anayeshika zana ya kusomea ndiye atakayeamua kisomwe nini.

Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ili kuusimamia usanifu huo kwa tahajia ya Kirumi. Mwaka huohuo wa 1930, Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa karatasi yake, Sahifa, kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na 1932 akafuatisha Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu. Hakuwa mtu wa kukimbia mambo mapya. Aliwahimiza Waislamu wasome, wafungue skuli, wajifunze elimu za dunia. Alichokiogopa ni watu kukatwa na maandishi yao wenyewe kwa kizazi kimoja. Kalamu yake ilikuwa kali, lakini ilishindana na kamati, mitihani, ajira na bei ya chapa, na mizani haikuwa sawa.

Haki yasemwe pande zote. Herufi za Kirumi zinakifaa Kiswahili. Irabu tano zina alama tano, na mtoto anaweza kuanza kusoma maneno katika muda wa miezi michache. Watu wa bara ambao hawakupata kuketi chuoni waliingia katika lugha hii kwa mlango huo, na bila wao Kiswahili kisingekuwa lugha ya mamilioni ya watu. Hata wanazuoni wenyewe waliitambua faida hiyo: Sheikh Abdalla Saleh Farsy, mwana wa Unguja, alipoikamilisha tafsiri yake ya Kurani 1969, ilisomwa kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi. Hapana anayetaka kuirudisha nyuma saa ile.

Lakini faida ikihesabiwa, na hasara ihesabiwe. Mzee aliyehitimu chuoni, mwenye kuandika barua kwa mwandiko mzuri na kuusoma utenzi wa beti mia tano usiku mmoja, alipopewa karatasi ya Kirumi alikuwa hajui kusoma. Mwanamke aliyefundishwa na mamake kwa ajami alikuwa hajui kuandika. Hakuna aliyewapokonya chochote. Mizani ilibadilishwa tu, na wao wakapimwa upya wakaonekana wepesi. Wajukuu zao, waliofuzu skuli, waliyarithi makasha yaliyojaa karatasi wasizoweza kuzisoma. Nyingine zilitiwa moto, nyingine zikaliwa na mchwa, nyingine zikauzwa kwa wapita njia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, na mali ikapotea vilevile, kwa sababu msomaji wa daftari ndiye aliyekosekana.

Zana iliyofuata ilikuwa ya sikio. Sauti ya Unguja ilianza kutangaza 1951, na katika miaka hiyohiyo utangazaji ukaanza Dar es Salaam. Redio ilikuwa na adabu ambayo mashine ya chapa haikuwa nayo: haikumuuliza mtu amesoma wapi wala kwa herufi gani. Iliingia barazani, ikazungumza Kiswahili, na mzee wa chuoni akaisikia sawasawa na kijana wa skuli. Kwa hiyo si ajabu kwamba baadhi ya majaribio makubwa kabisa ya elimu kwa teknolojia katika Afrika Mashariki yalifanywa kwa redio, na yalifanikiwa.

La kukumbukwa zaidi ni Mtu ni Afya, kampeni iliyoendeshwa Tanzania Bara 1973, baada ya nyingine ndogo kama Wakati wa Furaha ya 1971. Takriban watu milioni 2 walishiriki. Namna ilivyofanya kazi ndiyo yenye mafunzo. Watu hawakuachwa na redio peke yao. Waliundwa vikundi, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyepewa mafunzo mafupi na kitabu chepesi. Walisikiliza kipindi pamoja, wakasoma kwa sauti kilichoandikwa, wakajadiliana, kisha wakatoka wakachimba vyoo, wakafyeka majani na kufukia madimbwi. Chombo kilileta sauti. Nahodha alikuwa mwanakijiji mwenyewe, aliyejua kisima kiko wapi na nani hana choo. Ndani ya harakati hizohizo za elimu ya watu wazima, kiwango cha wasiojua kusoma na kuandika, kilichokuwa karibu theluthi mbili ya watu wazima 1967, kiliripotiwa kushuka hadi karibu asilimia 10 kufikia 1986.

Zanzibar nayo ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Bara haikuwa na kituo chochote hadi miaka ya 1990. Lakini kwa upande wa darasani ni redio, kwa mara nyingine, iliyokuja kufanya kazi kubwa visiwani. Kuanzia 2006, Wizara ya Elimu ya Zanzibar pamoja na washirika kutoka Marekani walianzisha vipindi vya Tucheze Tujifunze kwa watoto wadogo, wakiwamo wale ambao hawakuwa na skuli ya maandalizi karibu. Watoto walikusanyika mahali walipoweza, penye kivuli na mlezi wa kijijini. Redio ikauliza, watoto wakajibu. Redio ikaimba, watoto wakacheza. Mlezi akazunguka kuangalia nani amekwama. Mfano ni uleule wa Mtu ni Afya: lugha ya nyumbani, mtu wa karibu, na chombo kinachojua mpaka wa kazi yake.

Kompyuta ilikuja kwa mlango mwingine kabisa. Tanzania ilikwisha kuipiga marufuku mara moja: mwaka 1974 serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mfumo wa hesabu wa Hazina kuleta hasara badala ya nafuu. Marufuku hayo yalikuja kulegezwa kidogo kidogo, na mashine hizi zilipofika skuli zilikuwa zimekwisha kujizoesha kusema Kiingereza. Kila amri iliyoandikwa kwenye kioo ilikuwa ya Kiingereza, na kila kitabu cha kuzifundishia vilevile. Mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili alikutana na mizigo miwili kwa pamoja, mashine ngeni na lugha ngeni, na aliposhindwa na lugha aliambiwa ameshindwa na mashine. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliongeza uzito wa jambo hili ilipoamua kwamba Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano.

Wapo waliojaribu kuigeuza njia. Mwaka 2004, katika mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitolewa programu huru ya ofisi yenye maelekezo ya Kiswahili, na muda si mrefu baadaye kampuni ya Microsoft nayo ikatoa ya kwake. Waandaaji walilazimika kuunda msamiati tangu mwanzo. Hapo ndipo wapenzi wa lugha waliposhindana kama ni ngamizi au tarakilishi, mtandao au wavuti, na wananchi wakaendelea kusema kompyuta. Mashindano hayo yalichekwa na wengi, lakini hayakuwa mchezo. Yalithibitisha kwamba mashine inaweza kusema Kiswahili iwapo kuna anayeilazimisha. Kilichokosekana ni skuli na wizara kuidai lugha hiyo kila waliponunua mashine. Aliyenunua alipokea kilichomo ndani ya kasha, na kilichomo kilikuwa Kiingereza.

Kisha visiwa vikafundishwa somo jingine. Mwaka 2008, kwa karibu mwezi mzima kuanzia Mei, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilikaa gizani baada ya umeme unaotoka Bara kwa waya wa baharini kukatika. Kompyuta zilizokuwapo zilikuwa samani. Walimu walirudi kwenye chaki, na watoto wa chuoni wakaendelea kama kawaida, kwani ubao hauhitaji waya. Hitilafu hizo zilichangia kuletwa waya mpya wenye nguvu zaidi 2013, na Pemba nayo iliunganishwa na Tanga 2010. Waya za mawasiliano zilizotandazwa baharini hadi Dar es Salaam kuanzia 2009 zilishusha gharama ya intaneti. Hata hivyo miezi ile ya giza haifai kusahauliwa. Zana inayotegemea waya mmoja haiwezi kuwa mwalimu wa pekee wa kisiwa.

Karne moja na zaidi baada ya skuli ya Kijerumani kuchapa Kiongozi, Tanga ilishuhudia jaribio jingine. Kati ya mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2019, katika shindano la kimataifa la XPRIZE, watoto takriban 2,700 wa vijiji kama 170 vya mkoa huo, ambao wengi wao hawakuwahi kusoma skuli, walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Hawakuwa na mwalimu. Vilikuwapo vituo vya kuchajia kwa nguvu za jua na wanakijiji wa kuvisimamia. Mwanzoni, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa baina ya washindi wawili, Kitkit School na onebillion.

Matokeo hayo yanaweza kusomwa kwa namna mbili, na ni lazima yasomwe kwa zote mbili. Ya kwanza ni ya kutia moyo. Mashine iliyosema lugha ya mtoto ilimfikisha mahali ambapo hakuna skuli iliyomfikisha, na hoja kwamba teknolojia ya kisasa haiwezi kufundisha kwa Kiswahili ilizikwa pale Tanga. Ya pili ni kwamba, baada ya miezi 15 ya kukaa na kioo, karibu nusu ya waliokuwa hawajui neno hata moja walibaki vilevile. Kioo huvumilia, hakichoki wala hakipigi. Lakini hakioni mtoto anapoinama kwa njaa, wala hakijui kwamba leo amefiwa na bibi yake. Redio ya 1973 ilikuwa na kiongozi wa kikundi, na redio ya 2006 ilikuwa na mlezi. Pengo la Tanga ni la umbo la mtu.

Skuli zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona, masomo yalihamishiwa redioni na kwenye televisheni, na wenye uwezo wakaingia mtandaoni. Ikaonekana wazi, nyumba kwa nyumba, nani ana chombo na nani hana. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu viligawiwa walimu, Bara na Visiwani. Ulikuwa uamuzi wa busara, kwa kuwa ulianzia kwa mwalimu kabla ya mtoto. Kifaa kikiwa mkononi mwa mwalimu aliyefundishwa kukitumia, kinakuwa kalamu nyingine. Kikiletwa bila mafunzo, kinakuwa pambo la kufungiwa kabatini.

Sasa kimefika chombo kigeni zaidi ya vyote. Programu za akili mnemba, zilizowafikia watu wengi tangu mwishoni mwa 2022, hujibu maswali, huandika insha na kusahihisha hesabu, na Kiswahili wanakisema. Mwanafunzi mwenye simu anaweza kuziuliza lolote. Lakini programu hizi hujifunza kutokana na maandishi waliyosomeshwa, na maandishi ya Kiswahili yaliyo rahisi kupatikana mtandaoni kwa sehemu kubwa ni ya herufi za Kirumi na ya miaka ya karibuni: magazeti, tafsiri, matangazo. Makasha ya ajami hayamo, au yamo kwa uchache. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hati nyingi za namna hiyo, ziliorodheshwa na J. W. T. Allen katika orodha ya 1970. Nyingine ziko London, SOAS, na nyingi zimekwisha kupigwa picha. Hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, nazo zimetiwa katika picha za kidijitali. Picha, hata hivyo, si usomaji. Mpaka mtu aliyejua kuku na koko aketi akaziandue neno kwa neno, hati hizo ni bubu mbele ya mashine, kama zilivyokuwa bubu mbele ya mjukuu aliyezirithi.

Hapa ndipo historia nzima hii inapodai malipo yake. Mara ya kwanza, mizani ilipobadilishwa, watu wa pwani walipimwa kwa herufi wasizozichagua, na elimu ya vizazi ikaandikwa kuwa si elimu. Mara hii mizani inatengenezwa machoni mwetu. Mtoto wa Micheweni au wa Makunduchi atakayeuliza mashine habari za ushairi wa kwao atajibiwa kwa kadiri ya kilichotiwa ndani yake, naye atadhani kwamba kisichojibiwa hakikuwahi kuwapo. Bado wako wazee, walimu wa vyuo na wanazuoni wanaosoma ajami bila kusitasita. Hawatakuwapo siku zote. Skuli zenye vishikwambi na chuo chenye mwalimu wake haziko mbali, mara nyingi ziko mtaa mmoja, na watoto ni walewale, asubuhi huku na jioni kule. Kuwaketisha pamoja yule anayejua kuisoma hati na yule anayejua kuiandika kwenye mashine hakuhitaji waya wa baharini wala mkopo wa benki. Kunahitaji wizara, vyuo vikuu na madrasa kukubaliana kwamba kazi hiyo ni somo, lenye saa katika ratiba na malipo kwa mwalimu, na ianze wakati wasomaji wangali hai.